MTO HAUSAHAU NJIA YAKE

Chombo kisomacho tabaka za udongo, na faida yake kwa watu wa Kano na Budalangi

Hakuna mtu wa Kano wala wa Budalangi aliye na haja ya kufundishwa maana ya gharika. Mvua za masika zianzapo kunyesha katika milima ya Nandi na Tinderet, mkazi wa Ahero huutazama Mto Nyando ukibadilika rangi, naye ajua ya kuwa siku si nyingi atalazimika kuhamisha mbuzi wake na magunia yake ya nafaka. Vivyo hivyo mkazi wa Budalangi, aonapo Mto Nzoia umejaa hadi karibu na ukingo wa tuta, halali usingizi mnono.

Wazee wangali wakiyakumbuka mafuriko makubwa yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1961, ambayo wengi huyaita mafuriko ya Uhuru. Ziwa, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lilipanda zaidi ya mita mbili, na mwezi wa Mei mwaka 1964 kipimo cha maji kilichoko Jinja kikaonyesha mita 13.41. Watu walidhani hawataona tena jambo kama hilo. Lakini mwezi wa Mei mwaka 2020 alama hiyo ilivukwa kwa sentimita moja, na mashamba, nyumba na shule za mwambaoni zikaingiliwa na maji mara nyingine.

Mambo hayo yajulikana. Lakini liko swali moja ambalo mkulima na karani wote wawili wapaswa kulifikiri. Kwa nini tuta lililojengwa kwa udongo ule ule, na kwa kimo kile kile, livunjike hapa, na kule mbele kidogo lisimame imara? Kwa nini maji yatokeze shambani nyuma ya tuta, hali tuta lenyewe halijapasuka? Watu wengi husema ni bahati mbaya, au ni kazi mbovu ya mjenzi. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu imo chini ya ardhi, mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki. Makala haya yaeleza chombo kimoja kiwezacho kutusaidia kuyaona mambo ya chini, na pia mahali ambapo chombo hicho hushindwa.

JINSI BONDE LILIVYOJENGWA

Nyanda za Kano zimelala ndani ya ufa wa ardhi ulio tawi la Bonde la Ufa, kati ya ukuta wa milima ya Nandi upande wa kaskazini na nyanda za juu za Nyabondo upande wa kusini. Kwa maelfu ya miaka mito imeujaza ufa huo kwa mashapo, yaani changarawe, mchanga na tope ambavyo maji huvichukua mlimani na kuviacha bondeni. Nyando hukusanya maji kutoka eneo la kilomita za mraba 3,500 hivi. Nzoia, utokao Mlima Elgon na milima ya Cherangani na kushuka hadi Budalangi, hukusanya kutoka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Kila tone la mvua liangukalo juu ya shamba lisilo na kinga huko juu huja na chembe ya udongo mkononi.

Maji hayaachi mzigo wake ovyo. Yaendapo kwa kasi huweza kubeba hata kokoto. Yapunguapo kasi huacha kwanza kilicho kizito, kisha kilicho chepesi. Kwa hiyo mto ufurikapo na kutoka katika mkondo wake, mchanga hutua karibu na ukingo, nao huko huinuka na kuwa kama mgongo. Tope laini husafiri mbali, likatua polepole katika madimbwi na mafunjo, na mwishowe likawa ule udongo mweusi wa Kano tuujuao sote, unatao kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi hata mguu wa ng'ombe ukaweza kuingia.

Basi, kadiri miaka ipitavyo, mto hujiinua wenyewe juu ya mashapo yake, hata ukawa unapita juu kuliko mashamba yaliyoko kando. Hapo hali yake ni kama ya maji yaliyomo katika sahani iliyojaa mno. Gharika moja kubwa yatosha kuuvunja ukingo, na mto ukaiacha njia yake na kushika nyingine iliyo chini. Njia ya zamani haipotei. Chini yake hubaki mchanga na changarawe. Juu yake hutua tope la gharika zifuatazo, kisha majani huota, ng'ombe hulisha, na mwisho mtu huja na jembe akalima mahindi. Baada ya vizazi viwili au vitatu hakuna ajuaye kwamba hapo ulipita mto, isipokuwa wazee wachache, na ardhi yenyewe.

HATARI YA MCHANGA CHINI YA TUTA

Sasa na tufikiri juu ya mtu ajengaye tuta. Huanzia kwa mto na kulifuata ukingo wake, na bila kujua hulipitisha juu ya njia ile ya zamani. Tuta ni refu, limeshindiliwa vizuri, nalo lapendeza macho. Lakini chini yake mna mshipa wa mchanga, utokao mtoni hadi shambani kama mrija. Mto ujaapo, maji hayana haja ya kulipanda tuta. Hupita chini. Hutokeza upande wa pili kama chemchemi ndogo, na chemchemi hiyo ikianza kutoa maji yaliyochanganyika na mchanga, hiyo ni dalili mbaya sana. Maana yake maji yanakula mchanga ulio chini ya tuta, punje kwa punje, hata pakawa na tundu, na juu ya tundu hilo tuta hukaa bila msingi. Likianguka, huanguka kwa ghafula, mara nyingi usiku, na watu wamelala.

Jambo hili si la kubuni. Wamarekani walijifunza kwa gharama kubwa katika Mto Mississippi. Mwaka 1944 mtaalamu wa miamba aitwaye Harold Fisk alitoa ramani maarufu zilizoonyesha njia zote za zamani ambazo mto ule mkubwa ulipata kuzipita na kuziacha. Na mwaka 1956 wahandisi wa jeshi la nchi ile walitoa taarifa yao juu ya maji yapitayo chini ya matuta, nao wakaeleza kwamba chemchemi za mchanga hazitokei po pote tu. Zafuatana na jinsi mchanga na tope la zamani lilivyolala chini ya tuta.

Kwetu, matuta ya Nzoia huko Budalangi yalijengwa katika miaka ya 1970 na 1980. Yamekinga maisha ya watu wengi, wala hapana haki ya kuyadharau. Lakini yalivunjika mwaka 2003, na tena 2007, na tena 2008, na kila mara maelfu ya watu walikwenda kukaa katika kambi. Sababu za kuvunjika si moja. Liko tope lijazalo sakafu ya mto kati ya matuta, hata mto ukapanda. Wako ng'ombe wakanyagao na watu wakatao njia juu ya tuta. Wako wanyama wachimbao mashimo. Na uko udongo wa chini, ambao ndio tunaousemea leo.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo hicho huitwa rada ipenyayo ardhi. Neno rada si geni kwa wasomaji, kwa maana ndege zitokazo na kuingia Kisumu huonwa kwa rada. Rada ya ndege hutupa mawimbi ya redio angani, mawimbi yakagonga ndege na kurudi, na kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi watu hujua ndege iko umbali gani. Rada ipenyayo ardhi hufanya kazi hiyo hiyo, ila eriali zake zimeelekezwa chini.

Fikra hii si mpya. Mwaka 1929 mtaalamu aitwaye W. Stern alitumia mawimbi ya redio kupima kina cha barafu katika milima ya Austria. Mwaka 1972 chombo cha safari ya Apollo 17 kiliuzunguka mwezi kikipeleka mawimbi chini ya uso wake. Tangu hapo vyombo vimekuwa vidogo na vyepesi, na siku hizi mtu mmoja aweza kukivuta chombo kizima juu ya kigari kama mkokoteni mdogo wa mtoto, na mwingine akakitazama kioo.

Kazi yake ni hivi. Wapimaji hunyosha kamba shambani, tuseme kutoka mtoni hadi barabarani, wakafyeka majani marefu ili eriali zikae karibu na ardhi. Kisha hutembea polepole wakifuata kamba. Eriali moja hutoa pigo fupi sana la mawimbi, na nyingine husikiliza mwangwi. Ardhi ikiwa ya namna moja tu, mawimbi hushuka bila kurudi. Lakini yafikapo mahali ambapo tabaka moja yakutana na nyingine, kama mchanga mkavu ukutanapo na mchanga wenye maji, au mchanga ukutanapo na tope, sehemu ya mawimbi hurudi juu. Kila pigo huandika mstari mmoja mwembamba, na mistari mingi ikipangwa bega kwa bega hufanya picha, kama kwamba mtu ameikata ardhi kwa kisu kikubwa akaitazama kwa ubavu.

Katika picha hiyo njia ya mto wa zamani huonekana kama bakuli au mtumbwi uliozikwa. Mchanga uliolala ukingoni huonekana kama mistari iliyoinama, mmoja juu ya mwingine, nayo yaonyesha mto ulikuwa ukisogea upande gani. Tundu la mnyama au bomba la maji huonekana kama upinde. Mwenye kuizoea picha hiyo huisoma kama karani asomavyo daftari la hesabu.

HESABU NDOGO KWA MWENYE KUPENDA HESABU

Mawimbi ya redio hewani husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ndani ya ardhi huenda polepole zaidi. Katika mchanga mkavu mwendo wake ni kama nusu ya huo, na katika mchanga uliojaa maji ni kama sehemu moja katika tano, yaani kilomita 60,000 kwa sekunde. Hii ni sawa na sentimita 6 katika kila sehemu moja ya elfu milioni ya sekunde.

Basi tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu 100 za namna hiyo, na mchanga ni wenye maji. Zidisha 6 kwa 100, wapata sentimita 600, au mita 6. Lakini mita 6 ni kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili, wapata mita 3. Tabaka hilo liko mita 3 chini ya miguu ya mpimaji.

Angalia hapa jambo la maana. Kama mpimaji alidhani mchanga ni mkavu kumbe una maji, hesabu yake itatoa kina cha mita saba na nusu badala ya 3. Ndiyo sababu mpimaji mwaminifu hatosheki na picha. Hutoboa ardhi kwa keekee ya udongo mahali pamoja au pawili, akaona kwa macho tabaka limeanzia wapi, kisha akarekebisha hesabu yake yote. Picha isiyotobolewa ni kama ushahidi wa mtu mmoja, haitoshi kutoa hukumu.

Tena mawimbi si ya namna moja. Mawimbi marefu, kama yale ya mitikisiko milioni 100 kwa sekunde, ambayo wataalamu huyaita megahezi 100, hushuka mbali lakini hayaoni vitu vidogo. Mawimbi mafupi ya megahezi 400 huona hata tabaka nyembamba, lakini huchoka upesi. Mpimaji huchagua kwa kadiri ya jambo analolitafuta, kama vile fundi achaguavyo msumeno kwa kadiri ya mti.

UDONGO MWEUSI NI PAZIA

Wasomaji wa Kano hapana shaka wameanza kuuliza: je, chombo hiki kitaona chini ya udongo wetu mweusi? Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa hakitaona, na ni vizuri jambo hili lijulikane kabla mtu hajatumia fedha.

Udongo mweusi wa kunata hupitisha umeme kwa urahisi, hasa ukiwa umelowa. Mawimbi yaingiapo humo hugeuka kuwa joto dogo na kufa, kama sauti ya mtu apigaye kelele ndani ya ghala lililojaa magunia ya pamba. Katika mchanga mkavu rada yaweza kuona mita 10 na zaidi. Katika udongo wa kunata mara nyingi haifiki hata mita moja. Kwa hiyo mtu akivuta rada katikati ya mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako udongo mweusi ni mzito, atarudi na picha ya ukungu mtupu.

Lakini pazia hilo lenyewe lina habari. Mpimaji avutapo rada akitoka penye tope kuelekea mtoni, mara picha iliyokuwa giza hufunguka na mistari ikaonekana. Hapo ndipo mchanga ulipo karibu. Na tena, mahali palipo na hatari kwa tuta ndipo penye mchanga, na penye mchanga ndipo rada ionapo vizuri.

Kwa bonde kama la Kano, basi, utaratibu wa busara ni wa hatua tatu. Kwanza, wapimaji huanza kwa umeme. Huchomeka vigingi vya chuma ardhini, wakapitisha umeme kidogo kati yake, na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Tope huupitisha umeme bila ubishi, lakini mchanga huuzuia zaidi. Njia hii ni ya polepole na picha yake si kali, lakini haiogopi udongo mweusi. Pili, pale palipoonyesha dalili za mchanga, rada hupitishwa ili kupata picha iliyo wazi. Tatu, keekee huja kuthibitisha. Kazi hii hufaa kufanywa wakati wa kiangazi, kama Januari na Februari, ardhi ikiwa haijalowa.

WENGINE WAMEPATA NINI

Nchi ya Bangladesh yafanana na Budalangi kwa jambo moja, kwamba watu hulima na kuishi katikati ya mito iliyojaa mchanga. Katika Mto Jamuna, wataalamu wa Kiingereza walivuta rada juu ya kisiwa kikubwa cha mchanga kilicho katikati ya mto, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2003. Walionyesha jinsi kisiwa kilivyojengwa, tabaka juu ya tabaka, na jinsi maji yalivyokisogeza.

Italia ilipata fundisho la namna nyingine. Tarehe 19 Januari mwaka 2014 tuta la Mto Secchia, karibu na mji wa Modena, lilibomoka na maji yakafunika mashamba na miji. Wachunguzi walipotafuta sababu waliona kwamba mashimo ya wanyama ndiyo yaliyoonekana kuwa chanzo. Baadaye rada ikapitishwa juu ya matuta ya eneo lile kutafuta matundu yasiyoonekana kwa nje. Mtu wa Budalangi aonaye mashimo katika ubavu wa tuta asiyapuuze, kwa maana tundu dogo liliweza kuuzamisha mji katika nchi yenye mali nyingi.

Na kwetu? Ziwa letu halikuachwa bila kuchunguzwa. Mwaka 1995 wataalamu walipita juu ya Ziwa Viktoria na vyombo vitumavyo sauti, ambavyo ni ndugu wa rada, ila hutumia mshindo wa sauti badala ya mawimbi ya redio. Sauti ilipita maji na tope, ikarudi na habari ya ajabu. Chini ya tope kulikuwa na tabaka gumu la ardhi kavu. Wataalamu hao, wakiongozwa na Thomas Johnson, walitangaza mwaka 1996 kwamba ziwa hili lote lilipata kukauka katika kipindi cha ukame mkubwa, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kisha likajaa tena.

Huko mdomoni mwa Nyando nako, watafiti wa kituo cha kilimo cha miti, ICRAF, kilichoko Nairobi, pamoja na watu wa wizara ya kilimo, walichukua nguzo za tope kutoka sakafu ya ziwa. Waliitafuta miaka ya tope hilo kwa kupima risasi ya namna maalum, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi. Walikuta kwamba tope liletwalo na Nyando limeongezeka mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja, na kwamba mvua kubwa za mwaka 1961 na iliyofuata ziliacha alama yake wazi. Gharika ambayo babu aliisimulia imeandikwa chini ya ziwa, wala mvua zilizofuata hazikuifuta.

Yatupasa kuliona neno hili kwa uzito. Tope hilo halikutoka mbinguni. Limetoka katika mashamba ya miteremko, katika kingo za mito zilizolimwa hadi majini, na katika makorongo kama yale ya Katuk Odeyo huko Nyakach, ambayo yamekula mashamba na kutishia nyumba. Mlimaji wa juu apotezapo udongo wake, mwenzake wa chini huupokea kama gharika.

MAMBO YAPASAYO KUFANYWA

Nani basi afanye nini? Kwanza, wenye kazi ya kujenga na kutengeneza matuta. Tuta livunjikapo, desturi ni kuleta matrekta na kuziba pengo kwa haraka, kwa kuwa watu wanateseka. Haraka hiyo yaeleweka. Lakini pengo lililozibwa bila kujua udongo wa chini ni kama kidonda kilichofungwa kitambaa juu ya mwiba. Gharama ya kupima ardhi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kujenga upya mara tatu. Kaunti za Kisumu na Busia, na mamlaka za maji, zingefanya jambo la hekima kama zingetaka kila kazi ya tuta itanguliwe na ripoti ya udongo wa chini yake, na ripoti hiyo isomwe mbele ya watu wa mahali pale.

Pili, wapimaji wenyewe. Mtu aonapo wageni wakivuta chombo kisichojulikana kupita shambani mwake, wazo lake la kwanza ni kwamba ardhi yake yataka kuchukuliwa. Hofu hiyo haifai kuchekwa, kwa maana watu wameona mengi katika habari ya ardhi. Dawa yake ni baraza. Chifu na aite watu, wapimaji waeleze kazi yao, waonyeshe picha, na waseme matokeo yatawekwa wapi. Mapigo ya chombo hiki ni dhaifu sana, hayadhuru mtu, mnyama wala mmea. Tena waulizwe wazee. Mzee akumbukaye kwamba mahali fulani palikuwa na kilindi cha kuvulia kambare atawaokolea wapimaji siku nyingi za kutafuta, na keekee itaonyesha kama kumbukumbu yake ni sawa.

Tatu, mkulima mwenyewe. Mchanga wa njia ya zamani si adui tu. Huhifadhi maji, na kisima kikichimbwa hapo huenda kikawa na maji wakati majirani wanakausha visima vyao. Lakini choo kisichimbwe karibu, kwa sababu kilichomo mchangani husafiri. Asichimbe mchanga wa kuuza karibu na tuta, hata bei ikiwa nzuri namna gani, maana shimo hilo laweza kuwa mlango wa mto. Na wakati wa gharika, aonapo chemchemi nyuma ya tuta ikitoa maji yenye mchanga, asingoje kesho. Awaambie wenzake na kiongozi wa kijiji saa ile ile. Wenye ujuzi huizungushia chemchemi hiyo magunia ya mchanga ili maji yapande ndani yake na nguvu yake ipungue. Hawaizibi kabisa, kwa kuwa maji yaliyozibwa hapa hutafuta mlango pengine.

Nne, karani na mwalimu anunuaye kiwanja. Nyanda za Kano ziko karibu na Kisumu, na mji unakua. Kiwanja chaweza kuonekana kikavu na chenye majani mazuri mwezi wa Januari. Mnunuzi na aulize: maji yalifika wapi mwaka 2020? Mto ulipita wapi zamani za babu? Hatimiliki humwonyesha mwenye ardhi. Haimwonyeshi mwenye njia ya maji.

Na tahadhari moja ya mwisho. Hutokea watu wakadai kwamba vyombo vyao huonyesha dhahabu au hazina iliyofichwa. Rada ipenyayo ardhi haionyeshi dhahabu. Huonyesha mahali ardhi inapobadilika, basi. Ye yote asemaye zaidi ya hayo akitaka fedha zako, mfungie mlango.

Mito yetu itaendelea kushuka na mzigo wake, na ziwa litapanda na kushuka kama lilivyofanya tangu kale. Hatuwezi kuiamuru mvua. Lakini ardhi tunayoikalia imeweka kumbukumbu ya kila njia ambayo mto ulipata kuishika, na siku ya gharika mto huzijaribu njia hizo tena, moja baada ya nyingine. Afadhali sisi tuzijue kwanza. Shime, basi, wenye kujenga na wenye kulima: kabla ya kupandisha tuta juu, tuulize kuna nini chini.